Mama Aliyewasimulia Watoto Wake Mji wa Unguja

Mzazi akaaye ng'ambo ana kazi mbili juu ya watoto wake. Ya kwanza ni kuwafundisha kuishi katika mji wa ugeni. Ya pili ni kuwajulisha mji walikotoka wazee wao. Kazi ya kwanza husaidiwa na shule na majirani. Ya pili haina msaidizi: mzazi asipoifanya, haifanywi na mtu.

Alikuwako mama mmoja wa Unguja aliyeijua kazi hiyo. Jina lake Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Waingereza mpaka Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa akaitwa Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, kisha wakaenda kukaa Hamburg.

Mji ule ulikuwa mgeni kwake kwa lugha, kwa chakula na kwa baridi. Mwaka 1870 mumewe alianguka kutoka katika gari la farasi lipitalo juu ya reli, akafa baada ya siku chache. Salme akabaki mjane mwenye watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa na miaka miwili tu. Fedha zikapungua, naye akahama mji hata mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Mwaka 1875 ndugu yake, Sultani Barghash, alipozuru London, Salme alisafiri mpaka huko ili wapatane, lakini hakupata kuonana naye.

Basi watoto wakakua wakisema Kijerumani, wala hawakuijua nchi ya mama yao. Salme akashika kalamu. Alipokuwa mtoto alijifundisha kuandika kwa siri, maana desturi ya siku zile haikutaka binti ajue kuandika. Sasa elimu ile ikamfaa. Akawaandikia habari za jumba la Mtoni, za safari ya majini kutoka huko mpaka mjini, za sikukuu na mashamba. Wala hakuwaficha ugomvi wa ndugu uliomtenga na jamaa zake. Habari hizo zilipigwa chapa kuwa kitabu huko Ujerumani mwaka 1886.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1885, aliwachukua watoto mpaka Unguja, wakati manowari za Kijerumani zilipofika huko. Serikali ya Ujerumani ilikuwa na shauri lake yenyewe na Sultani. Barghash alikataa kumpokea dada yake, wala hakumpa urithi aliodai. Lakini watu wa mjini walimfuata njiani wakimwamkia. Jumba la Mtoni alilikuta limebomoka. Hivyo watoto waliona kwa macho yao kwamba mji aliowasimulia mama yao ulikuwa wa kweli, na kwamba miaka haimngojei msafiri.

Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924, bila ya kurudishiwa nafasi yake katika jamaa. Je, maneno yake yalipotea? La. Mwaka 1929 mwanawe Rudolph, aliyezaliwa Hamburg, alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya babu yake Seyyid Said. Mali walinyimwa, lakini habari za ukoo hakuna aliyeweza kuwanyima.

Leo wazazi wengi wa Afrika Mashariki wako London, Doha na Marekani, na simu huvusha sauti na picha mara moja. Hata hivyo chombo hakisemi chenyewe. Yafaa mzazi amweleze mtoto mji kama ulivyo: njia, nauli, siku alipopotea na mtu aliyemwelekeza, na kama kuna ugomvi nyumbani, asiufiche. Mtoto aliyeambiwa kweli hatakuwa mgeni siku atakapofika.