Kuhamisha Mpungate wa Chunguni

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi ndogo ya nyumbani, ambayo hata hivyo imewatia wengi miiba ya vidoleni: nayo ni kuutoa mpungate katika chungu chake na kuutia katika chungu kingine.

Kwanza yapasa kuujua mmea wenyewe. Asili ya mpungate ni Amerika, ukaletwa huku kwa vyombo vya baharini. Mnyaa, ule wa nyua zetu, si jamaa yake, ijapokuwa watu huichanganya. Mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, nao huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huweza kumpofusha mtu kwa muda. Basi ikiwa mmea wako watoa maziwa, usijishike uso hata uishe kunawa kwa sabuni. Na jicho likipatwa, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa nzima, kisha mgonjwa apelekwe hospitali.

Mpungate huhamishwa mizizi yake inapochungulia katika tundu la chini. Usiumwagilie maji kwa siku kadhaa kabla ya kazi, kwa maana udongo mkavu huachia upesi, na mizizi iliyokatika haiozi kwa haraka. Chungu kipya kizidi cha kwanza kwa upana wa vidole viwili tu. Watu hupenda kukipa kimea kidogo chungu kikubwa, wakidhani wakitendea hisani. Kumbe udongo mwingi hushika maji yasiyonywewa, na mizizi huoza. Kopo la bati lafaa pia, mradi litobolewe chini. Changanya mchanga wa mtoni na udongo mweusi, nusu kwa nusu. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi.

Sasa miiba. Ile mirefu yaonekana, na kila mtu huiogopa. Adui hasa ni ile midogo iliyo mafungu mafungu, myembamba kama nywele, yenye vyembe mfano wa mshale, hata huingia kwa wepesi na kutoka kwa shida. Glovu za kitambaa huinasa, zikamchoma mvaaji hata siku ya pili. Sisi twaona bora gazeti: likunjwe mara nyingi liwe kama mshipi, uuzungushie mmea, ushike ncha mbili kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili gonga chungu, ukilaze. Usivute kwa nguvu. Mizizi myeusi iliyolainika ikatwe kwa kisu safi. Kisha panda kwa kina kile kile cha kwanza, maana shina likifukiwa huoza, ushindilie udongo kwa kijiti, si kwa vidole. Weka penye kivuli chepesi, na maji yangoje juma zima.

Mwiba ukiingia, usisugue, wala usiutoe kwa meno, usije ukahamia ulimini. Ung'oe kwa kibano penye mwanga. Iliyosalia ipakwe gundi, uweke shashi juu yake, na ikikauka ubandue taratibu.

Limebaki jambo moja, ambalo twaliona kubwa kuliko yote: vipande vilivyokatika. Kila kipande cha mpungate kikigusa ardhi huota mizizi. Katika Australia mmea huu uliteka mashamba mapana mno, hata mwaka 1925 wakaleta nondo kutoka Amerika ya Kusini ili viwavi wake waule. Na hapa karibu, Laikipia nchini Kenya, umeenea malishoni, na mbuzi wanaokula matunda yake huchomwa midomo na ndimi kwa miiba ile ile midogo. Kwa hiyo usivitupe jaani wala mtoni. Vianikwe juu ya mabati, mbali na watoto, hata vikauke kabisa, kisha vichomwe moto. Vya mnyaa usivichome, kwa kuwa moshi wake nao huwasha macho. Vifukiwe katika shimo refu.