Taa ya Mtelezo Inapowaka Barabara Kavu

(Yafuatayo ni maelezo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya madereva na wakuu wa usafiri. Yanachapishwa kwa faida ya watumishi wote wa Serikali na wananchi wenye pikapu za aina hiyo.)





Nimetakiwa nieleze tatizo ambalo madereva wa pikapu wamekuwa wakililalamikia: gari iko katika lami kavu, haina matope wala mchanga, mara taa yenye picha ya gari inayoteleza huwaka, injini hupoteza nguvu, na dereva akikanyaga mafuta gari haiitiki. Jambo hilo likitokea wakati gari inaingia barabara kuu, huku daladala inakuja kwa kasi, si usumbufu tena bali ni hatari ya roho. Hatari hiyo ndiyo iliyowafanya baadhi ya madereva kuchomoa fyuzi, nami nitalieleza hilo baadaye.

Kwanza tuufahamu mfumo wenyewe. Kila gurudumu lina kihisi, ambacho mafundi hukiita sensa, kilichoelekea duara lenye meno au, katika gari za karibuni, utepe wa sumaku uliomo katika beringi. Kihisi huhesabu mzunguko wa gurudumu na kuipelekea kompyuta habari. Kompyuta hulinganisha habari za magurudumu yote manne. Ikiona magurudumu yanayosukuma gari yanazunguka kwa kasi kuliko mengine, huamua kwamba yanateleza. Hapo hupunguza nguvu ya injini na hata kufunga breki ya gurudumu moja peke yake.

Basi izingatieni nukta hii, kwani ndiyo inayowapotosha wengi. Pikapu nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kihisi cha mbele kikidhoofika na kutoa hesabu ndogo kuliko ilivyo, kompyuta huona ya mbele yanakwenda polepole na ya nyuma yanakwenda mbio. Huyahukumu ya nyuma kwa kosa la shahidi wa mbele. Dereva husikia breki ikikamata nyuma, fundi naye hufungua nyuma, ilhali ugonjwa uko mbele.

Ni nini hukidhoofisha kihisi? Kwetu sisi watu wa visiwani jibu la kwanza ni chumvi. Mwaka 2005 kampuni ya General Motors iliziita gereji pikapu na gari nyengine kubwa zipatazo laki nane, zilizotengenezwa kwa miaka ya 1999 hadi 2002, katika majimbo ya Marekani ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kutu ilikuwa imeota chini ya vihisi vya mbele, ikavinyanyua kutoka mahali pake. Hesabu zilipotea gari ikienda polepole, na mfumo wa kuzuia breki zisikamate ukazilegeza breki wakati dereva anataka kusimama. Sisi hatuna barafu, lakini tuna upepo wa bahari mwaka mzima, na pikapu zetu hushushwa hadi pwani kuchukua samaki na mashine za boti.

Kabla ya kununua kitu chochote, angalieni mipira. Yote minne iwe ya saizi moja na upepo uwe sawasawa na kibandiko kilichopo mlangoni. Mfumo huvumilia tofauti ndogo ya uchakavu, lakini mpira wa saizi nyengine uliofungwa kwa dharura huzunguka mbali na wenzake, na kompyuta haijui kwamba ni wa kuazima.

Mipira ikiwa sawa, fundi aunge mashine ya uchunguzi na kuzitazama kasi nne pamoja, mtu mwengine akiendesha gari moja kwa moja kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha akiipunguza taratibu mpaka isimame. Kihisi ambacho hesabu yake inaruka, au inaanguka sifuri kabla ya nyengine, ndicho cha kushukiwa. Hapo kivuliwe bila ya kupigwa nyundo, kiti chake kisuguliwe kwa msasa laini mpaka chuma kionekane, na ncha yake ifutwe vumbi la chuma linalonaswa na sumaku. Beringi nayo itikiswe; ikiwa imelegea, kihisi kipya hakitafaa kitu. Waya ufuatwe wote, hasa unapopinda karibu na gurudumu la mbele, kwani huweza kukatika ndani huku ganda lake ni zima.

Taa ikiwaka katika kona tu, na hasa ikiwa gari imetoka kupimwa magurudumu, ishukiwe sensa ya usukani. Hiyo haihitaji kununuliwa; aghalabu huhitaji kuelekezwa upya kwa mashine mahali palipo katikati.

Sasa fyuzi. Kitufe cha kuzima mfumo kimewekwa kwa ajili ya gari iliyokwama mchangani, na kukitumia hapo si kosa. Kuchomoa fyuzi ni jambo jengine kabisa, kwa kuwa vihisi hivyo hivyo ndivyo vinavyozuia magurudumu yasikamate pale breki inapopigwa kwa ghafla. Dereva atakuwa ameondoa usumbufu, na breki zake za siku ya mvua ameziondoa pamoja nao.

Gari inayotoka pwani ioshwe kwa maji ya bomba, chini na ndani ya magurudumu, siku hiyo hiyo. Na inapopelekwa gereji, dereva aandike katika kitabu cha gari: mwendo ulikuwa kiasi gani, barabara ilikuwa kavu au mvua, alikuwa kwenye kona au moja kwa moja, gari ilikuwa na mzigo au tupu, na kazi gani ya mwisho ilifanywa. Fundi asipokee gari ya tatizo hili bila ya maandishi hayo.