Sinki la Jikoni: Pimeni Sufuria Kwanza



Leo nataka kusema nanyi juu ya sinki la jikoni, yaani lile beseni la kuoshea vyombo lililoungwa na bomba la kutolea maji machafu. Wengi wajengao nyumba hulichagua dukani kwa kutazama mng'ao wake tu. Lakini wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Atakayesimama mbele ya sinki hilo asubuhi na jioni ni mama wa nyumba. Basi aulizwe yeye kabla fedha haijatolewa.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Chukueni kamba, mpime upana wa sufuria iliyo kubwa kuliko zote nyumbani. Sinki la mabeseni mawili ni zuri, moja la kuoshea na moja la kusuuzia. Lakini mara nyingi kila beseni ni jembamba, na sufuria ya ugali wa watu kumi haiingii. Kwa jamaa kubwa, beseni moja pana lafaa zaidi. Kina cha sentimita 20 chatosha, na ukingo uwe yapata sentimita 90 kutoka sakafuni, ili mgongo usiumie.

Jambo la pili ni kitu lilichotengenezwa nacho. Sinki la udongo uliochomwa huvumilia sufuria ya moto, lakini ni zito, na glasi ikianguka humo huvunjika. La chuma kilichopakwa enameli likigongwa hubanduka, na hapo kutu huingia. Chuma cha pua chenye kromiamu, alichokiyeyusha Harry Brearley mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, hakishiki kutu upesi. Ila kikiwa chembamba mno hubonyea. Kijaribuni kwa kidole gumba kabla ya kununua.

Jambo la tatu ni njia ya maji. Chini ya sinki pawe na bomba lililopindwa mfano wa shingo ya bata. Maji yabakiyo katika pindo hilo huzuia uvundo na wadudu wasipande jikoni. Msimwage mafuta humo, maana yakipoa huganda na kuziba bomba. Wala maji machafu yasituame uani, mbu wakazaana. Yachimbieni shimo la mawe lenye kifuniko, mbali na kisima.

Basi sinki lililo jema ni lile liipokeayo sufuria yenu, lisilomchosha mwoshaji, na liondoalo uchafu bila kuwadhuru watoto wenu wala wa jirani.