NGOMA ILIYOPOTEA MARA MBILI

Cyangugu, mji wa Rwanda ulio kusini mwa Ziwa Kivu, unatazamana na nchi ya Washi, ambayo Wanyarwanda wa kale waliiita Bunyabungo. Leo Mto Rusizi ni mpaka kati ya mji huo na Bukavu. Katika masimulizi ya kale, upande huo wa magharibi ndiko ilikotoka aibu kubwa ya ufalme wa Rwanda.

Masimulizi hayo yaeleza kuwa Mfalme Ndahiro Cyamatare alishindwa vitani na kuuawa, na ngoma ya enzi, Rwoga, ikatekwa na Nsibura, mfalme wa Bunyabungo. Nchi isiyo na ngoma ilihesabiwa kuwa haina mfalme. Mwanawe, Ruganzu Ndoli, aliyekuwa amefichwa Karagwe, ambayo sasa ni sehemu ya Tanzania, alirejea, akatwaa enzi na kusimika ngoma mpya iliyoitwa Karinga.

Karinga ilivikwa nyara zilizotolewa katika miili ya wafalme walioshindwa. Kwa waliotawala, huo ulikuwa utukufu. Kwa wajukuu wa walioshindwa, lilikuwa tusi lililotundikwa hadharani. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 ngoma hiyo iligeuka kuwa hoja kali ya siasa. Kura ya maoni ya Septemba 1961 ilipouondoa ufalme, Karinga nayo ilitoweka, na hadi leo haijulikani iliko.

Hapo ndipo penye funzo. Rwoga ilichukuliwa na adui wa ng'ambo. Karinga ilipotea katika ugomvi wa wenye nchi wenyewe. Walioitukuza wamekosa kumbukumbu yao, na walioichukia wamekosa ushahidi wa malalamiko yao. Shahidi akifichwa, kila upande husimulia upendavyo, na uongo hupata nafasi.

Zipo nchi jirani zenye mifano tofauti. Masalio ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yaliyokuwa yamepelekwa Cambridge, Uingereza, na mmisionari John Roscoe, yalirudishwa Uganda mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Lakini mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin pale Mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward, ungali Brussels. Mfupa huo una alama zilizochongwa kwa mafungu, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi.

Ni haki kabisa kwa Waafrika kudai vitu vyao vilivyoko Ulaya. Hata hivyo, madai hayo yatakuwa na nguvu zaidi iwapo vilivyobaki nyumbani vitatunzwa, hata vile vinavyokumbusha maumivu. Rwanda ilifungua Makumbusho ya Taifa huko Butare mwaka 1989. Kazi ya nyumba kama hiyo ni kumweka shahidi mahali ambapo watu wote wanaweza kumhoji, wajukuu wa washindi na wajukuu wa walioshindwa.