Uraia wa Mzee Aliyepatwa na Maradhi ya Usahaulifu: Migori na Homa Bay



Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 83, yasema kuwa raia aliyefikia utu uzima ana haki ya kuandikishwa kupiga kura maadamu hajatangazwa kuwa hana akili timamu. Na kutangazwa huko ni tendo la kisheria, wala si neno la kila apitaye njiani. Lakini katika vijiji vyetu, tangu Muhuru Bay hadi Kendu Bay, tangazo hilo hutolewa mekoni na uani, bila hakimu, bila tabibu, na bila mwenyewe kupewa nafasi ya kujibu: mzee amerudia swali moja mara tatu, amemwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, basi aila yaafikiana kimya kimya kwamba huyu hayumo tena. Tangu siku hiyo haulizwi kama ng'ombe auzwe au asiuzwe. Wageni wakija, yeye huhamishiwa chumba cha nyuma. Na kitambulisho chake hukaa mfukoni mwa mtu mwingine. Hoja yangu ni kwamba hukumu hiyo ni batili, na kwamba haki ya mtu kuhesabiwa miongoni mwa watu haikuwekewa sharti la kukumbuka.

Maradhi haya, ambayo matabibu huyaita dimensia, na ambayo aina yake iliyo mashuhuri zaidi ilielezwa na tabibu wa Kijerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, ni maradhi ya ubongo. Si laana, si chira ya aliyevunja mila, wala si hatima ya kila aliyeota mvi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nayo, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Aghalabu hutangulia kuondoa kumbukumbu ya jana na juzi, yakaacha kwa muda mrefu mambo ya kale: nyimbo za kanisani, sala, kazi za mikono, na zaidi ya yote, fahamu ya kuheshimiwa na ya kudharauliwa. Mama asiyejua leo ni siku gani anaweza kujua barabara ni nani aliyemsemea kwa ukali, na moyo wake ukabaki na jeraha hilo hata baada ya maneno yenyewe kumtoka.

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu mila za ziwani zina hazina ambayo wataalamu wa mbali wameitafuta kwa taabu. Mwingereza Tom Kitwood alitoa kitabu mwaka 1997 kueleza kuwa utu wa mgonjwa wa namna hii hushikiliwa na wale wanaomzunguka. Kwetu, katika boma la Waluo, msimu wa kupanda hufunguliwa kwa ada iitwayo golo kodhi, na haki ya kutangulia kutia mbegu ardhini ni ya mikayi, mke wa kwanza, ndipo wake wenziwe na wake za wana wafuate kwa daraja zao. Haki hiyo haikutegemea ufasaha wa ulimi wala wepesi wa kuhesabu miaka. Ilitegemea kiti ambacho mwanamke huyo amekalia katika boma. Mikayi aliyesahau majina ya wajukuu bado anaweza kushikwa mkono, akapewa mbegu, akatangulia, na boma zima likamngoja. Sisemi kwamba kila nyumba ingali inashika mila hiyo, wala siwalazimishi walioiacha kwa ajili ya dini. Nasema tu kwamba wazee wetu walijua kumtenga mtu na udhaifu wake, wakamwachia cheo huku wakimsaidia kazi.

Mila hizo hizo zina upande wa giza, na kuunyamazia ni dhulma. Mwenye maradhi haya huweza kuzinduka usiku akatoka nje, kama mama aliyeolewa Rusinga zaidi ya miaka hamsini iliyopita akataka kurudi Karungu kwa baba yake, ambaye kwake yeye angali hai. Anayemkuta gizani, nywele timtim na nguo ovyo, hamwiti mgonjwa, humwita jajuok, yaani mchawi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii inayopakana nasi, vikongwe wanne waliuawa na umati kwa tuhuma ya uchawi. Sidai kwamba walikuwa na maradhi haya. Nadai kwamba tuhuma ya namna ile humngoja mlangoni kila mwanamke mzee ambaye mwenendo wake haueleweki, na kwamba chifu akisimama barazani akaeleza maradhi haya kwa lugha ya nyumbani, huenda akaokoa roho.

Tena tuna deni. Ukimwi ulipotangazwa kuwa janga la taifa mwaka 1999, fukwe na vijiji vyetu vilikuwa vimekwisha kujaa makaburi mapya, na yatima walilelewa na nyanya zao. Wanawake waliokuwa na miaka hamsini wakati ule, waliouza omena na kufuma vikapu ili mjukuu apate sare ya shule, leo wamevuka sabini, na miongoni mwao wamo hawa tunaowafungia milango. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13 wa Migori. Na katika mzigo huo tulijifunza kuwa dawa peke yake hazikuondoa aibu. Aibu ilipungua pale wenyewe waliposimama, wakataja hali zao, wakaunda vikundi na kuketi kwenye kamati. Mwenye usahaulifu ulio mwanzoni anaweza kufanya vivyo hivyo, na ni kosa kumngoja mpaka ashindwe kusema, kisha tuseme kwa niaba yake.

Kuhusu mali, insafu yataka uangalifu. Mpango wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na huruhusu mlezi kuandikishwa. Jambo hilo ni jema, ila mlezi aliyeandikishwa ni mkono wa mzee, si mrithi wake aliyeharakishwa. Katika ardhi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kidole gumba cha mtu asiyejua anachotia sahihi kinaweza kuhamisha shamba la ukoo mzima. Hata hivyo Sheria ya Urithi, Sura ya 160, humchukulia mwosia kuwa ana akili timamu isipokuwa wakati ule ule wa kuosia awe hajui atendalo. Sheria hutazama saa ya tendo. Kwa hiyo aliyechanganyikiwa jioni, akaamka asubuhi akijua shamba lake na wanawe, asikilizwe asubuhi ile, mbele ya mashahidi wasio na tamaa.

Nao wakamwana na mabinti, ambao mzigo huu huwaangukia kwa kawaida bila kuulizwa, wasihukumiwe haraka. Wengi hufunga mlango kwa kuwa hawana wa kuwapokea hata wapate kwenda sokoni, na wengine hudhani wanamfanyia mzee sitara. Ibara ya 57 yaiagiza Dola, sawa na jamaa, kumpa mzee matunzo ya kutosha, ashiriki mambo ya jamii, na aishi kwa hadhi. Na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezipa serikali za kaunti wajibu wa huduma ya afya ya akili. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaoingia nyumba kwa nyumba tangu 2023, wafundishwe kuyatambua maradhi haya. Maofisa wa uchaguzi wakumbushwe kuwa mpiga kura anayehitaji msaada huruhusiwa kuja na msaidizi aliyemchagua mwenyewe. Na kamati za kaunti zetu mbili zimpe kiti mtu mmoja mwenye maradhi haya katika hatua za mwanzo, nauli yake na ya anayemshika mkono ikiandikwa katika bajeti ya mwaka ujao.