Kuwajulisha Watoto Muziki wa Okestra na Watunzi Wake

Matini ya mazungumzo kwa walimu wa chekechea na shule za msingi, wazazi na wanachama wa bodi za shule



Asubuhi ya gwaride, watoto wa shule kote nchini husimama wima na kuimba Wimbo wa Taifa. Ni wachache walioelezwa ulikotoka. Mwaka wa 1963, Kenya ilipokuwa ikijitayarisha kwa uhuru, wanamuziki watano walipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa jipya: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoichagua ilikuwa ya bembelezo la Wapokomo, wimbo ambao akina mama wa kando ya Mto Tana waliwaimbia watoto wao ili walale. Bembelezo hilo likatiwa maneno mapya na kupangiwa sauti za pamoja. Leo hupigwa na bendi nzima, kwa tarumbeta na ngoma, mbele ya marais.

Kazi iliyofanywa na wanamuziki hao ndiyo kazi ya mtunzi yeyote wa okestra. Mtunzi husikia sauti, huipanga, kisha huwagawia wapigaji wengi ili kila mmoja awe na sehemu yake. Kwa hivyo mtoto anayeimba Wimbo wa Taifa tayari amesimama mlangoni mwa muziki huu. Anachohitaji ni mtu wa kumfungulia.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 huchagua mmoja kati ya mikondo mitatu ya sekondari pevu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 ni la mwaka wa 2026. Uchaguzi huo humkuta mtoto akiwa bado mdogo, na hauwezi kuwa wa haki ikiwa hajui anachokichagua. Mtoto ambaye hajawahi kusikia fidla ikilia hawezi kujua kama ana kipawa cha fidla. Anayejua muziki wa redio ya matatu pekee atadhani muziki wote uko humo. Naye mzazi atasema mtoto hana haja na sanaa, ilhali mtoto huyo hakuwahi kuonjeshwa.

Pia mara nyingi kipindi cha muziki ndicho hukatwa kwanza mitihani inapokaribia. Mtoto wa mwenye uwezo hulipiwa mwalimu wa piano nyumbani, lakini mtoto wa mkulima na wa mama mboga hana pengine pa kusikia ila shuleni. Kipindi kikikatwa, huyo ndiye anayekosa.

Kaunti nazo zina sehemu yao. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti elimu ya chekechea, maktaba na shughuli za kitamaduni. Hizo ndizo sehemu ambako sikio la mtoto hufunzwa mapema, kwani samaki mkunje angali mbichi.

Je, si muziki wa wageni?

Wako wazazi wanaouliza kwa nini watoto wafunzwe muziki wa Ulaya wakati ngoma zetu zinasahaulika. Swali hili ni la haki. Mwacha mila ni mtumwa, na hofu yao ina sababu: mwaka wa 2014 ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka.

Lakini mwalimu anayeijua kazi yake huanzia nyumbani. Okestra ni ukoo wenye nyumba nne: ala za nyuzi, ala za kupuliza za mbao, ala za kupuliza za shaba, na ala za kugonga. Kila nyumba ina ndugu zake hapa nchini. Orutu ya Wajaluo ina uzi mmoja na hupigwa kwa upinde, sawa na fidla na selo. Chivoti ya Wamijikenda ni filimbi. Nzumari ya Pwani hulia kwa mwanzi wa ndimi mbili, na obo ya okestra hulia kwa njia iyo hiyo. Siwa ya Lamu ni pembe ya shaba ambayo zamani ilipulizwa katika sherehe kubwa za mji. Isukuti nayo ni ngoma tatu za ukubwa tofauti, kila moja ikiwa na jibu lake kwa mwenzake.

Mtoto aliyemwona mzee wa kijiji akipiga orutu hatashangazwa na selo, maana ataiona kuwa ndugu yake mkubwa. Vilevile, mtoto aliyejifunza kusikiliza kwa makini vyombo themanini vikipiga pamoja hurudi kwenye isukuti na kusikia alichokuwa akikipita bila kukitambua. Masomo haya mawili hayapigani.

Kazi zilizotungwa kwa ajili ya watoto

Walimu hawahitaji kuanza na muziki mgumu. Watunzi wakubwa wametunga kazi kwa ajili ya watoto makusudi.

Mwaka wa 1936, mjini Moscow, Sergei Prokofiev alitunga hadithi ya Peter na mbwa mwitu kwa jumba la michezo ya watoto. Msimulizi husimulia, na kila mhusika ana chombo chake. Ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu mwenye hasira ni basuni, mbwa mwitu ni pembe tatu, na Peter mwenyewe ni ala za nyuzi. Bata humezwa mzimamzima, na mwishoni mtoto makini humsikia akilia tumboni mwa mbwa mwitu. Obo ndiyo humtambulisha. Kazi yote huchukua chini ya nusu saa, na darasa huweza kubishana juu ya bata huyo wiki nzima.

Miaka kumi baadaye, Uingereza ikiwa imetoka vitani, wizara ya elimu ya huko ilitaka filamu ya kuwaonyesha wanafunzi vyombo vya okestra. Benjamin Britten alichukua sauti ya Henry Purcell, mtunzi Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1695, akaifanyia kazi. Kwanza okestra nzima huipiga sauti hiyo, kisha kila nyumba ya ala, kisha chombo kimoja kimoja. Mwishoni vyombo huingia kwa zamu, filimbi ndogo ikitangulia, hadi vyote vinapokuwa pamoja tena. Kazi hii ni ya dakika kumi na saba hivi. Huko Marekani, Leonard Bernstein aliongoza tamasha za vijana za New York Philharmonic kuanzia 1958 hadi 1972, na zilionyeshwa kwenye televisheni ili hata mtoto aliye mbali na ukumbi aone.

Watunzi ni watu

Kosa moja la kuepukwa ni kumpa mtoto orodha ya majina na tarehe akariri kabla hajasikia lolote. Mtunzi aingie darasani kama mtu, akiwa na shida yake.

Watoto wataelewa habari za Joseph Haydn. Mwaka wa 1772 aliongoza wanamuziki wa Mwanamfalme Nikolaus Esterházy katika kasri lake huko Hungaria. Msimu uliongezwa, na wapigaji walikuwa wameacha wake na watoto mbali. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Alitunga simfoni ambayo, kuelekea mwisho, wapigaji hunyamaza mmoja mmoja, huzima mshumaa wake na kutoka, mpaka wanabaki wapiga fidla wawili. Inasimuliwa kwamba mwanamfalme alielewa, na siku iliyofuata safari ya kurudi nyumbani ikaanza.

Wataelewa pia habari za Ludwig van Beethoven, aliyepoteza uwezo wa kusikia na akaendelea kutunga. Mwaka wa 1824 Simfoni yake ya Tisa ilipopigwa mara ya kwanza mjini Vienna, ilibidi ageuzwe na mmoja wa waimbaji ili awaone watu wakimpigia makofi, kwa kuwa hakuyasikia. Mwanafunzi mwenye ulemavu wa kusikia asitolewe nje wakati wa kipindi hiki. Akiweka kiganja juu ya ngoma au spika, ataupata mdundo kwa ngozi.

Watoto wa Kenya waambiwe vilevile kwamba muziki huu haukutungwa na Wazungu pekee. Joseph Bologne, maarufu kama Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa Guadeloupe mwaka wa 1745, mama yake akiwa mtumwa wa asili ya Kiafrika. Alikuja kuwa mpiga fidla na kiongozi wa okestra mashuhuri mjini Paris, na okestra aliyoiongoza ndiyo iliyopiga kwa mara ya kwanza simfoni sita ambazo Haydn aliutungia mji huo. Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka wa 1875, baba yake akiwa daktari kutoka Sierra Leone. Florence Price, mwanamke Mwamerika mweusi, simfoni yake ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra mwaka wa 1933. Fela Sowande wa Nigeria alitunga African Suite, kazi ya ala za nyuzi, mwaka wa 1944. Msichana wa Gredi ya 5 anayemsikia Florence Price hahitaji hotuba ya kuambiwa kwamba anaweza.

Wapigaji wako karibu

Mjini Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha okestra ya simfoni ya kanisa la Kimbanguist mwaka wa 1994. Vyombo vilikuwa vichache kuliko watu, wakapokezana. Uzi ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli uliwahi kutumika badala yake. Leo hii wanapiga kazi za Beethoven. Hapa Kenya, Nairobi Orchestra imekuwepo tangu 1947. Mwaka wa 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mtaani Korogocho, karibu na jaa la Dandora, na watoto wa mtaa huo wakashika fidla, klarineti na tarumbeta. Umaskini ulikuwepo na vyombo vilikuwa adimu, lakini watoto walipopata mwalimu na mahali pa kukutana, walijifunza.

Mwalimu aanzie wapi

Shule isiyo na chombo hata kimoja inaweza kuanza wiki hii. Simu ya mwalimu na spika ndogo vinatosha. Muziki upakuliwe mapema ili bando lisikatike katikati ya kipindi, na uchaguliwe kipande cha dakika tatu hadi tano tu.

Darasa lisikilize mara tatu. Mara ya kwanza watoto wafumbe macho, na mwalimu asieleze lolote. Mara ya pili wainue mkono wanaposikia chombo walichotajiwa. Mara ya tatu wachore walichokiona akilini au watembee kwa kufuata mdundo. Baada ya hapo ndipo mwalimu asimulie habari za mtunzi kwa dakika tano. Hakuna jibu lisilofaa katika michoro hiyo. Mtoto akisema muziki ulimkumbusha ng'ombe wakirudi jioni, amesikiliza.

Mara moja kwa muhula, shule imwalike mpigaji wa kijijini, awe wa nyatiti, orutu, chivoti au nzumari, na watoto waulizwe chombo chake kina ndugu gani katika okestra. Wazee hawa nao ni walimu. Watoto wa chekechea watengeneze vyao kwa makopo, uzi wa nailoni na vipande vya mfereji wa plastiki, wajifunze kuanza pamoja na kunyamaza pamoja. Kunyamaza pamoja ni somo gumu, na okestra haiwezi kusimama bila hilo.

Wazazi wanaombwa jambo moja dogo. Mtoto akirudi nyumbani akiigiza sauti ya bata wa Prokofiev, asiambiwe anyamaze akasome. Aulizwe bata huyo aliponea wapi. Bodi za shule nazo zinaombwa kutazama ratiba na kuhakikisha kwamba kipindi cha muziki kilichoandikwa ukutani ndicho kinachofundishwa.

Mama wa Kipokomo aliyembembeleza mwanawe kando ya Mto Tana hakujua kwamba taifa zima lingesimama wima kwa sauti yake. Ilibidi apatikane mtu wa kuisikiliza, kuipanga na kuwapa wengine waipige. Katika madarasa ya kaunti wako watoto wenye masikio ya kazi hiyo, na hawatajulikana mpaka wasikilizishwe.