Safari ya Kwenda Kilwa Kisiwani

Natumaini taa imewashwa, madaftari yamefunguliwa, na yule ndugu anayechelewa kila mara leo amewahi. Mwenye karatasi hii mkononi afuate maneno kwa kidole, pole pole. Mimi sitakimbia.

Leo tutasafiri. Tutakwenda Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima, nacho kimekaa katikati ya magofu. Gofu ni nyumba iliyokufa: kuta zimebaki, paa limekwenda. Magofu ya Kilwa ni ya msikiti, majumba ya wafalme, visima na makaburi. Mengine yana umri wa zaidi ya miaka 700.

Kwanza tusome jina vizuri, maana wengi hupotea hapa kabla hawajaondoka nyumbani. Kilwa ni tatu. Iko Kilwa Kivinje, mji wa zamani ulioko bara, ambao katika karne ya 19 ulikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na baadaye makao ya serikali ya Wajerumani. Iko Kilwa Masoko, mji wa sasa wenye ofisi za wilaya na gati. Na iko Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji. Mtu akikata tiketi ya "Kilwa" tu, anaweza kushushwa njia panda usiku, mbali na anakokwenda. Basi ukipewa tiketi, isome hapo hapo dirishani, kabla hujaondoka. Tazama neno la pili. Kama halikuandikwa, mwambie karani aliandike. Wala usione haya. Fedha ni yako.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Masoko ni zaidi kidogo ya kilomita 300. Njia hii ilikuwa na sifa mbaya zamani. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukijaa, magari yalilala foleni. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa, lenye urefu wa karibu kilomita 1, na shida ile ikaisha. Lakini mvua haijaacha ubishi wake. Mwezi wa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara upande wa Somanga, na wasafiri wa kusini wakakwama. Kwa hiyo usiende wakati wa masika kama safari yako inaweza kungoja. Mabasi ya Lindi na Mtwara hupita Nangurukuru, wala hayaingii Masoko. Ukipanda hayo, shuka Nangurukuru, kisha tafuta gari jingine la kukupeleka Masoko, kama kilomita 30.

Pale Masoko usikimbilie mashua. Uliza kwanza ofisi inayotoa kibali cha kuingia katika magofu. Utalipa ada, na utapewa stakabadhi. Stakabadhi ni karatasi inayosema kwamba umelipa. Soma mambo matatu juu yake: jina lako, tarehe, na kiasi cha fedha. Kama kiasi kilichoandikwa si sawa na ulichotoa, sema papo hapo kwa heshima. Huko nyuma alama ya dole gumba ilitutosha, lakini dole gumba haliwezi kusoma.

Sasa twende pwani. Mlango wa bahari kati ya Masoko na kisiwa ni mwembamba, kama kilomita 2. Watu huvuka kwa mashua ya tanga, au kwa boti ya mashine, ambayo ni ya haraka zaidi na nauli yake ni kubwa zaidi. Patana nauli kabla ya kupanda, ya kwenda na kurudi. Muulize nahodha saa ya maji kujaa na saa ya maji kupwa. Nyakati za bamvua maji hupwa sana, mashua ikakaa mbali na ufuko, nawe ukashuka kwenye tope na kwenda kwa miguu huku viatu umevishika mkononi. Vaa nguo unayoweza kuikunja. Na mwenye chombo akijaza watu kupita kiasi, ngoja chombo kingine. Hakuna gofu linalostahili roho ya mtu.

Mlango huu wa maji una hadithi yake, iliyoandikwa katika habari za kale za Kilwa. Inasemwa kwamba Ali bin Hasan alikuja kutoka Shirazi, akataka kukinunua kisiwa. Mtawala wa pale akamwambia: nipe nguo za kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitoa, mtawala akahamia bara. Siku zile watu walivuka kwa miguu maji yakipwa, na yule mtawala alikusudia kurudi na vita. Lakini Ali alikwisha kuchimba mkondo. Mtawala alipofika akakuta maji hayapwi tena, akarudi zake.

Mimi siamini habari ya nguo kuzunguka kisiwa kizima. Lakini waliosimulia walijua jambo moja la kweli: mwenye kushika kivuko ndiye mwenye mji. Na juu ya wageni wa Shirazi, mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Wengi walikuwa na asili ya pande mbili: upande wa wanawake Afrika, na upande wa wanaume hasa Uajemi. Basi wale waliotuambia kwamba miji hii ilijengwa na wageni peke yao walikosea, na wale waliosema wageni hawakuwako walikosea pia.

Ukikaribia kisiwa utaona ngome kando ya maji. Ndiyo Gereza. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome hapo, wakaondoka mwaka 1512. Ngome unayoiona sasa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani, waliokuja baadaye sana. Mbele kidogo ni Msikiti Mkuu. Ukumbi wa kaskazini ndio wa kale zaidi. Ukumbi mkubwa wa kusini, wenye kuba na matao, uliongezwa baadaye, katika karne ya 14 wakati wa utajiri. Utajiri ule ulitoka wapi? Dhahabu ilichimbwa bara, nchi ya Zimbabwe, ikaletwa pwani ya Sofala, na wafalme wa Kilwa wakaitoza ushuru. Walikuwa hata na fedha zao za shaba, zenye majina yao.

Mashariki ya kijiji, juu ya jabali, iko Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lina vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea lenye pande 8. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Pima chumba kwa hatua zako. Utaona ni kirefu lakini chembamba, hakizidi mita 3 hivi kwa upana. Sababu yake ni boriti za mikoko zilizobeba dari: mti wa mkoko haufiki mbali zaidi ya hapo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo.

Kuta hizi ziko hatarini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mvua ilikuwa ikiosha chokaa, mizizi ikipasua kuta, na mawimbi yakila ufuko. Wanakijiji walishiriki kazi ya kutengeneza, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha ile. Hawakutengeneza kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe; hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe la kale huvunjika. Ilibidi kurudia chokaa ya babu. Lakini mawimbi hayakupumzika. Kwa hiyo usipande juu ya ukuta, wala usichukue hata kipande cha kigae cha kumbukumbu. Ukipita majumbani piga hodi, vaa nguo za heshima, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Wale si walinzi wa magofu tu, wako kwao.

Rudi mashuani kabla jua halijashuka, kwa saa mliyopatana na nahodha.

Sasa kazi ya darasa. Andika majina ya Kilwa zote tatu. Kisha andika sentensi moja ya kumwambia karani wa basi unakotaka kushuka, na nyingine ya kumuuliza nahodha habari za maji. Mwalimu atazisahihisha. Kwaherini.